Uhalisia na Mvuto wa Soka ya Video: Mfano wa Vibanda vya Gemu vya Kariakoo, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Istilahi ya uhalisia imetumika kwa muda mrefu katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hususan katika mijadala ya riwaya na tamthilia. Aghalabu hutumika kueleza jinsi kazi ya sanaa inavyokaribiana na maisha ya jamii inayosawiriwa. Makala haya yanaipeleka istilahi hiyo mahali ambapo haijazoeleka, yaani kwenye soka inayochezwa kwa mashine na kuonekana kwenye kioo cha televisheni. Vijana wa Dar es Salaam huuita mchezo huo gemu, nalo ndilo jina litakalotumika hapa. Watengenezaji wa gemu huinadi kwa sifa moja kuu: kwamba inafanana na soka ya kweli. Swali linalojitokeza ni hili: inafanana na soka ipi, na kwa macho ya nani?

Swali hilo lina uzito wa pekee Kariakoo. Eneo hili la katikati ya jiji ndilo kitovu cha ushindani mkubwa kuliko wote katika soka ya Tanzania. Klabu ya Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, ina makao yake makuu Jangwani. Klabu ya Simba, iliyoasisiwa mwaka 1936, inayo katika mtaa wa Msimbazi. Mtu aweza kutembea kwa miguu kutoka klabu moja hadi nyingine kwa dakika chache. Tsuruta, katika makala yake ya mwaka 2007 kuhusu Simba, Yanga na ukuaji wa jiji la Dar es Salaam, amekwisha kuonyesha kwamba historia ya klabu hizi haitengani na historia ya maisha ya wakazi wa mji. Hata hivyo, katika eneo hilohilo, kijana anayelipa ada yake kwenye kibanda cha gemu na kushika pedi ya kuchezea hazikuti Simba na Yanga miongoni mwa timu za gemu rasmi. Huzikuta Real Madrid, Liverpool na Barcelona. Pamoja na hayo, kijana huyo huona kwamba anacheza mpira wa kweli.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uhalisia wa gemu haukamiliki ndani ya mashine. Mashine hutoa picha; wachezaji na watazamaji waliomo kibandani huikamilisha picha hiyo kwa lugha. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kuelewa mvuto wa gemu hana budi kusikiliza yanayosemwa kibandani sawa na anavyotazama yanayoonekana kwenye kioo.

2.0 Dhana ya Uhalisia katika Mchezo

Tangu Aristotle, sanaa imeelezwa kuwa ni mwigo wa matendo ya watu. Mwigo, hata hivyo, si nakala. Huchagua, hupunguza na hupanga. Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alieleza kwamba mchezo hujitenga na shughuli za kawaida kwa mipaka yake ya mahali na wakati, na kwamba ndani ya mipaka hiyo kanuni zake hutiiwa kwa dhati. Caillois (1958) aliigawa michezo katika makundi manne: ushindani, bahati, uigaji na kizunguzungu. Soka ya uwanjani huingia zaidi katika kundi la ushindani. Gemu ya soka hukutanisha makundi mawili kwa pamoja: ni ushindani wa kweli unaofanyika ndani ya uigaji.

Mchango unaofaa zaidi kwa mjadala huu ni wa Galloway (2004), aliyetofautisha kufanana kwa picha na uhalisia wa kijamii. Kwa maoni yake, picha inaweza kufanana sana na ulimwengu na bado gemu isiwe na uhalisia. Uhalisia hutokea pale ambapo yale yanayotendwa kwenye gemu yanaafikiana na mazingira ya kijamii anamoishi mchezaji. Kwa mtazamo huo, gemu ileile inaweza kuwa na uhalisia mahali pamoja na kuukosa mahali pengine. Suala la nani anacheza, wapi na pamoja na nani linakuwa sehemu ya tafsiri ya kazi yenyewe.

3.0 Mwigo wa Mwigo: Uwanja, Redio na Televisheni

3.1 Maendeleo ya picha

Gemu ya FIFA International Soccer ilitolewa na kampuni ya Electronic Arts mwaka 1993. Uwanja wake ulionekana kwa mshazari kutoka juu, na wachezaji wake hawakuwa na majina ya wachezaji halisi. Toleo la FIFA 96 lilileta mabadiliko mawili muhimu: majina halisi ya wachezaji na sauti ya mtangazaji, John Motson wa Uingereza. Upande wa Japani, kampuni ya Konami ilijenga mfululizo ulioitwa Pro Evolution Soccer kuanzia mwaka 2001, ambao mwaka 2021 uliachia nafasi eFootball. Katika FIFA 22, iliyotoka mwaka huohuo wa 2021, watengenezaji walitumia kumbukumbu za miondoko ya wachezaji 22 waliovishwa mavazi yenye vihisio wakicheza mechi kamili. Baada ya mkataba wa Electronic Arts na shirikisho la FIFA kumalizika, mfululizo huo uliendelea kwa jina la EA Sports FC kuanzia toleo la mwaka 2023.

Historia hii inaonyesha kwamba kila hatua ya maendeleo ilidaiwa kuusogeza mchezo karibu zaidi na uwanja. Lakini ukichunguza kwa makini, kinachoigwa si uwanja. Mchezaji aliye uwanjani huona miguu, migongo na vumbi; haoni jina lake wala matokeo yakiwa yameandikwa pembeni mwa macho yake. Mwenye pedi huona mchezo kutoka juu na ubavuni, kama unavyoonekana kwa kamera. Goli likifungwa, hurudiwa polepole kutoka pande kadhaa. Gemu, kwa hiyo, ni mwigo wa matangazo ya televisheni, na matangazo hayo nayo ni mwigo wa mchezo.

Kaida ya muda nayo inathibitisha jambo hili. Saa ya kwenye kioo huhesabu dakika 90, ilhali kila kipindi aghalabu huchukua dakika chache tu za saa ya ukutani. Hakuna mchezaji wa kibandani anayelalamika kwamba amedanganywa. Ameikubali kaida hiyo kama mtazamaji wa tamthilia anavyokubali kwamba miaka kumi imepita baina ya onyesho la kwanza na la pili.

3.2 Masikio kabla ya macho

Kwa Tanzania Bara, mwigo wa kwanza wa soka uliowafikia watu wengi ulikuwa wa sauti. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilianza kupata vituo vyake mwaka 1994. Kabla ya hapo, mpenzi wa soka ambaye hakuweza kwenda uwanjani aliusikiliza mpira kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam. Watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary waliwajengea wasikilizaji uwanja mzima kwa maneno: mahali mpira ulipo, nani anao, nani anamkabili, na mashabiki wameinuka upande gani. Simba ilipoifunga Yanga magoli 6 kwa 0 mwaka 1977, wengi walioyajua magoli hayo waliyajua kwa masikio.

Hivyo basi, dhana ya uhalisia wa soka imekuwa na misingi miwili katika jiji hili. Kwa kizazi cha redio, usimulizi hai ndio uliokuwa kipimo cha ukweli. Kwa kizazi cha televisheni, kipimo ni picha. Ingetarajiwa kwamba gemu, iliyo mtoto wa televisheni, ingeufuta msingi wa kwanza. Uchambuzi wa lugha ya kibandani, utakaofanywa katika sehemu ya 5.0, unaonyesha kwamba haikuwa hivyo.

4.0 Majina: Waliomo na Wasiokuwemo

Jina ni nguzo ya uhalisia wa gemu. Wachezaji wa zamani wa gemu za Konami wanakumbuka kwamba, kwa sababu ya kukosa vibali, Roberto Carlos wa Brazili aliitwa Roberto Larcos, na timu ya Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Miguu ilikuwa ileile na mkwaju wa kushoto ulikuwa uleule, lakini jina lilikuwa la uongo, na mchezaji alilazimika kusema jina la kweli kwa kinywa chake. Hapa ndipo mchango wa hadhira unapoanza kuonekana: kinywa kilisahihisha mashine.

Kwa soka ya Tanzania, tatizo limekuwa kubwa zaidi ya kuharibiwa kwa jina. Ligi Kuu ya Tanzania haikupata kuwemo katika mfululizo wa FIFA. Afrika Kusini iliwakilishwa kwa miaka kadhaa na Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, lakini Msimbazi na Jangwani hawakuwemo. Kuna kinaya katika historia hii. Kabla ya mwaka 1971 Simba iliitwa Sunderland, jina lililofanana na la klabu ya Uingereza. Sunderland hiyo ya Uingereza imo katika gemu. Shabiki wa Simba, basi, ameweza kuchagua jina ambalo klabu yake ililiacha, asiweze kuchagua lile iliyojipa yenyewe katika zama za kujitegemea.

Mfano wa Mbwana Samatta unalifafanua jambo hili kwa upande wa mtu binafsi. Mshambuliaji huyo alikulia Dar es Salaam, akaichezea Simba, kisha akahamia TP Mazembe ya Lubumbashi, na kwa mchango wake huko akatangazwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2015 miongoni mwa wanaocheza barani. Wakati wote huo, uwezo wake ulionekana Msimbazi na Lubumbashi lakini haukuwemo katika mfululizo wa FIFA. Aliingia humo baada ya kujiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na alionekana tena kwa jezi ya Aston Villa baada ya uhamisho wake wa Januari 2020. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni mahali alipokuwa akichezea. Kwa mantiki ya gemu, mchezaji wa Kitanzania huwa halisi pale tu Ulaya inapomwandikisha.

Wachezaji hawakulipokea pengo hili kimya. Katika gemu za simu, hususan Dream League Soccer, vijana wamekuwa wakitumia nafasi ya kujitengenezea timu kwa kubandika jezi na nembo za Simba, Yanga na klabu nyingine za nyumbani. Jezi nyekundu huvalishwa miili ambayo mashine iliitengeneza kwa ajili ya watu wengine. Kitendo hicho ni cha kiufundi, lakini pia ni uhakiki: ni kauli kwamba picha iliyotolewa ina dosari, na kwamba wenye kuitumia wana haki ya kuirekebisha.

5.0 Lugha ya Kibandani

5.1 Nafsi na mahali pa mchezo

Kibanda cha gemu ni chumba kidogo chenye televisheni moja au zaidi, mashine, benchi na watu wanaosubiri zamu. Hulipwa kwa mechi au kwa muda. Katika utaratibu uliozoeleka sana, aliyefungwa humpisha mwingine. Katika chumba hicho, mchezaji anapofunga goli, kauli ya kawaida si kwamba mchezaji fulani wa Ulaya amefunga. Kauli ya kawaida ni: nimekufunga.

Kitenzi hicho kinastahili kuchambuliwa. Kiambishi ni- humtaja mwenye pedi, na kiambishi cha yambwa -ku- humtaja aliyeketi kando yake. Timu mbili za kigeni zinazoonekana kwenye kioo hazimo kabisa katika kitenzi. Sarufi imeuhamisha mchezo kutoka uwanja wa Ulaya na kuuweka kwenye benchi, baina ya watu wawili wanaojuana. Uhalisia wa kijamii alioueleza Galloway umebebwa hapa na silabi moja: -ku-.

Nafsi ya tatu haikosekani, ila ina kazi yake. Shambulizi linapojengwa, wachezaji na watazamaji husema kama watangazaji: anaambaa na winga, anaingia ndani, anampasia. Baada ya goli huweza kusikika kafunga, ambayo katika usemi wa Dar es Salaam husimama badala ya amefunga, na haifai kuchanganywa na akafunga ya masimulizi. Nafsi ya tatu hurudi pia wakati wa aibu. Mwenye pedi akikosa goli la wazi, lawama humwendea mchezaji wa kwenye kioo: huyu ananiangusha. Kwa ufupi, ushindi husemwa kwa nafsi ya kwanza, na makosa hutupiwa nafsi ya tatu. Mpishano huu wa nafsi si wa kubahatisha. Ni mbinu ya fanani anayejua lini aingie katika uhusika na lini atoke.

5.2 Urithi wa utangazaji

Gemu ina sauti ya mtangazaji. Mbali na Kiingereza, matoleo mbalimbali yamekuwa na lugha nyingi, na Kiarabu kiliongezwa katika FIFA 12 ya mwaka 2011. Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha za utangazaji wa mfululizo huo. Kibandani sauti ya mashine aghalabu hufunikwa na sauti za watu. Wanaosubiri zamu huichukua kazi ya mtangazaji, na msamiati wanaoutumia ni ule uliokomazwa na redio na viwanja: kutikisa nyavu, dakika za lala salama, kampa kampa tena, tobo, chenga, kanzu.

Neno kanzu linafaa kutazamwa kwa karibu. Katika maelekezo ya gemu, kuupitisha mpira juu ya kichwa cha mpinzani ni mfuatano wa vitufe vya kubonyezwa. Kibandani tendo hilo ni kumvisha mtu kanzu. Aliyevishwa huchekwa, na kicheko hicho kinamhusu yeye binafsi mbele ya watu wa mtaa wake. Mashine haina kitufe cha aibu wala cha heshima. Hizo hutoka katika lugha, na ndizo zinazoifanya chenga iwe na thamani ya kujaribiwa.

Desturi hii ina ndugu yake katika sanaa nyingine za mjini. Katika miaka ya 2000, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijulikana Dar es Salaam kwa kuingiza masimulizi ya Kiswahili katika sinema za kigeni. Katika sinema hizo, kama ilivyo kibandani, picha ya kigeni haikukataliwa, bali ilipewa msimulizi wa nyumbani. Tofauti ni kwamba msimulizi wa sinema alikuwa mmoja na aliandaa kazi yake, ilhali kibandani fanani ni wengi na utungaji ni wa papo kwa papo. Kwa vigezo vya fasihi simulizi, utendaji huu una fanani, hadhira, tukio na mahali. Umepungukiwa watafiti tu.

5.3 Utani na kubebwa

Uhusiano wa Simba na Yanga huelezwa kuwa ni utani wa jadi. Utani huo huingia kibandani hata pale ambapo timu zilizo kwenye kioo ni za Hispania. Mchezaji anayejulikana kuwa Yanga akifungwa magoli matano na aliye Simba, mechi hiyo hufungamanishwa na ushindi wa Simba wa magoli 5 kwa 0 wa Mei 2012. Akishinda yeye kwa idadi hiyo, hujibu kwa magoli 5 kwa 1 ya Novemba 2023, ambayo Yanga iliyapata dhidi ya Simba. Takwimu za gemu husomwa kwa kumbukumbu za Kariakoo.

Hali kadhalika, mwamuzi wa gemu hutenda kwa programu tu. Hana klabu wala ndugu. Hata hivyo hulaumiwa kwamba anambeba mmoja wa wachezaji. Kubebwa ni neno la malalamiko ya ligi ya nyumbani, nalo limehamishiwa kwenye mashine isiyo na upendeleo. Kwa mtazamo wa kimantiki, hili ni kosa. Kwa mtazamo wa uhalisia, ni ushahidi kwamba mchezaji hakubali soka isiyo na mashaka juu ya mwamuzi. Soka ya namna hiyo haifanani na anayoijua.

6.0 Mipaka ya Uhalisia

Yapo yasiyoweza kukamilishwa kwa lugha. Kwanza ni mwili. Gemu hupima uchovu wa mchezaji kwa mstari unaopungua, lakini mwenye pedi hachoki miguu wala haumii goti. Pili ni uwanja wenyewe. Shamba la Bibi, jina la mtaani la Uwanja wa Uhuru, lilikuwa na joto lake, msongamano wake na harufu zake, na Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na nafasi ya watazamaji wapatao 60,000, una ngoma na nyimbo zake. Tatu ni imani. Katika ligi ya nyumbani timu zimewahi kutozwa faini kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi, na lugha ya mashabiki ina tasifida ya kamati ya ufundi kwa mambo yasiyotajwa waziwazi. Gemu haina mlango wa kukwepwa. Wachezaji wote hutokea katikati ya uwanja wakiwa salama.

Aidha, pingamizi laweza kutolewa kwamba kusifu ubunifu wa kibandani ni kufumbia macho madhara yake: fedha zinazotumika, masomo yanayokimbiwa na ushabiki wa klabu za mbali. Pingamizi hilo lina msingi. Lakini halibatilishi hoja iliyotolewa, linaipa uzito. Iwapo mtoto wa Kariakoo anajifunza kwamba mpira wa kweli ni ule ulioandikishwa Ulaya, basi maneno anayoyasikia kibandani ndiyo yanayomweleza kinyume chake. Maneno hayo yakipotea, atabaki na picha peke yake.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba gemu ya soka huiga televisheni kuliko uwanja, kwamba inawaacha nje wanasoka na klabu ambao wachezaji wa Kariakoo wanawajua zaidi, na kwamba pengo hilo huzibwa kwa nafsi za vitenzi, msamiati wa redio na utani wa jadi. Mvuto wa gemu, kwa hiyo, hautokani na ubora wa picha peke yake. Unatokana pia na fursa ambayo picha hiyo inawapa watu kusema wao kwa wao.

Kutokana na hayo, yapo mambo mawili ya kufanyiwa kazi. Wanaisimu na wanafasihi simulizi wanapaswa kurekodi lugha ya vibandani wakati bado inasemwa kwa kuketi pamoja, kwa sababu uchezaji wa simu na wa intaneti unawatenganisha wachezaji, na -ku- ya aliye kando ina hatari ya kuwa -ku- ya asiyeonekana. Pili, watakaotengeneza gemu za soka kwa Kiswahili wasidhani kwamba kazi itakwisha kwa kutafsiri maneno ya kwenye kioo. Reuster-Jahn na Kießling (2006) wamekwisha kuonyesha utajiri wa lugha ya mitaani ya Tanzania; hazina ya watangazaji wa redio nayo ingalipo katika kumbukumbu za waliowasikiliza. Gemu itakayokuwa na jezi za Simba na Yanga bila hazina hizo itakuwa na picha ya Kariakoo, lakini wenye kuicheza wataendelea kuikamilisha kwa vinywa vyao.